Tetesi: IKEA wanafungua duka Dodoma na siyo Dar. Kuna mwenye uhakika?

#1 Msafiri wa Kimara
Wakuu, salaam. Kuna skrinishoti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inasema IKEA, wale Waswidi wa samani, wanafungua duka Dodoma, eneo la Chang'ombe, na tayari wameanza kuchukua wafanyakazi. Shemeji yangu yuko wizarani kule Mtumba, anasema ofisini kwao gumzo ni hilo tu. Mimi nataka kununua sofa na kabati la nguo mwaka huu na nimechoka kuzungushwa na mafundi, kwa hiyo habari hii imenigusa kweli. Je, ina ukweli? Na kama ni kweli, kwa nini Dodoma wakati Dar sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni tano? Mwenye taarifa atushushie.

#2 Mtoto wa Buguruni
Naweka kambi hapa.

#3 Mbongo Göteborg
Tuanze na yanayojulikana. Hii kampuni aliianzisha Ingvar Kamprad mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 17, na duka lake la kwanza la samani lilifunguliwa Älmhult mwaka 1958. Afrika wapo nchi mbili: Misri, walipofungua Cairo 2013, na Morocco, walipofungua Zenata karibu na Casablanca 2016. Afrika Kusini, pamoja na utitiri wote wa maduka yao, hawana. Kenya hawana. Sasa waruke wote hao watue Chang'ombe?

Halafu duka lao la kawaida si fremu ya kupanga. Nimeishi Göteborg, duka la Kållered nalijua. Unaingia mlango mmoja, unafuata mishale sakafuni, unapita sebule zilizopangwa kamili hadi vikombe mezani, majiko, vyumba vya watoto, unaishia kwenye ghala ambako unashusha boksi lako mwenyewe kwenye rafu na kulipeleka kaunta. Lile la Hyderabad, India, lililofunguliwa Agosti 2018, lina mita za mraba kama elfu 37. Jengo la namna hiyo haliwezi kuota Dodoma bila mtu kuona hata msingi.

#4 Kirikuu Tandika
Chang'ombe ipi hiyo? Chang'ombe ninayoijua mimi iko Temeke, ukitoka hapo unaingia Keko kwenye samani zenyewe. Kila wiki napakia vitanda pale. Huenda mtu kasikia kuna ghala la samani Chang'ombe ya hapa, mwingine akaongezea Dodoma njiani.

#5 Mwana Dodoma
Mkuu #4, Dodoma nako kuna Chang'ombe, ni kata kabisa, ina wakazi na shule zake. Nyie watu wa Dar mnadhani kila jina ni lenu. Nimepita huko juzi, sijaona jengo kubwa linalojengwa, lakini Dodoma ya sasa kila kona kuna mabati na zege. Huwezi kujua kila uzio unaficha nini.

#6 Dalali Nala
Mimi sina cha kuthibitisha ila nawaambia ndugu zangu, barabara ya mzunguko ya Dodoma ile ya kilomita 112 imebadilisha kila kitu. Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, kote huko watu wanagombea. Wawekezaji wakubwa hawaji bila sababu. Mwenye kutaka kiwanja kabla bei haijaruka aje PM.

#7 Mtoto wa Buguruni
Hahaha #6, skrinishoti umetengeneza wewe!

#8 Dalali Nala
@Mtoto wa Buguruni ningekuwa na ujuzi huo ningeandika Nala, nisingeandika Chang'ombe. Mimi Chang'ombe sina hata kiwanja kimoja.

#9 Mhasibu Sinza
Naomba nitofautiane na #3 kidogo. Hao jamaa hawafuati miji mikubwa peke yake. Huko huko Sweden mwaka 2006 walifungua Haparanda, kimji cha watu kama elfu kumi hivi, mpakani na Finland, karibu na ncha ya dunia. Watu walishangaa vilevile tunavyoshangaa sisi. Hesabu yao haikuwa wakazi wa mji. Walipiga hesabu ya watu wa Finland, wa Norway, mpaka Warusi wa Murmansk, ambao wangeendesha gari mwendo mrefu kwa ajili ya kabati.

Sasa chukua ramani. Dodoma iko katikati: Singida, Manyara, Iringa, Morogoro wote wanaifikia kwa lami. Treni ya SGR kutoka Dar inafika Dodoma tangu Julai 2024. Watumishi wa serikali wamehamia, wamejenga, na nyumba mpya ni tupu. Dar mtu anahama na sofa lake la zamani, lakini aliyejenga Iyumbu au Nzuguni ananunua kila kitu upya, kuanzia pazia. Ukiniuliza mimi, Dodoma siyo wazo la kijinga.

#10 Mwana Dodoma
Asante #9. Nakazia.

#11 Mbongo Göteborg
@Mhasibu Sinza, Haparanda ni kweli kabisa, na ni mfano mzuri. Lakini kumbuka kule kila familia ina gari na shehena inaingia kwenye buti. Ndiyo maana ya boksi bapa. Mwaka 1956 mbunifu wao Gillis Lundgren alishindwa kuingiza meza kwenye gari, akang'oa miguu, na biashara yote ikajengwa juu ya wazo hilo: mteja abebe mwenyewe, aunge mwenyewe nyumbani kwa kifunguo kidogo cha pembe sita. Mtu wa Singida atabebaje? Kwenye basi?

#12 Kirikuu Tandika
Kwenye basi ndiyo, mbona magodoro yanaenda Tunduma juu ya basi kila siku. Na sisi wa kirikuu tupo. Boksi bapa kwangu ni neema. Kitanda cha sita kwa sita kilichokwisha kuungwa kinachukua gari zima, na ukifika nyumba ya ghorofa ngazi haikubali. Kuna siku Kinondoni tulipandisha kabati kwa kamba kupitia kibaraza, mwenye nyumba anapiga kelele huku anashika kichwa, na lilipofika juu mlango wa kibaraza ukawa mwembamba kuliko kabati. Likashuka tena kwa kamba ileile. Maboksi ningepakia ya nyumba tatu kwa tripu moja.

#13 Mama Nuru
Mimi nazungumza kama mteja. Mje hata na IKEA ya Mbagala, nitakuja. Nilimpa fundi advansi ya meza ya chakula na viti sita. Akaniambia Ijumaa. Ijumaa simu haipokelewi. Wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe, nikakuta miguu ya meza yangu imesimama ukutani na juu yake kuna kabati la mtu mwingine linapakwa vanishi. Ananiambia mama vumilia, umeme ulikatika. Umeme unakatika kwangu tu, kwenye kabati la mwenzangu unawaka? Ninachokitaka ni bei iliyoandikwa kwenye karatasi na siku ya kuchukua. Uzuri wa mbao baadaye.

#14 Msafiri wa Kimara
@Mama Nuru umesema lote. Pole sana.

#15 Seremala Keko
Nimesoma kimya, sasa niseme. Niko Keko, kazi hii nimerithi kwa baba. Dada #13 ana haki ya kukasirika, na mafundi wa aina hiyo wapo, wanatuharibia. Lakini watu wajue kinachotokea karakana.

Mteja anatoa nusu. Hiyo nusu inanunua mbao, gundi, msasa na kumlipa kijana wa randa. Mbao ya mninga au mkongo bei inapanda bila taarifa, na usipokuwa na vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mzigo unakwama njiani. Fundi mwenye mtaji mdogo anachukua advansi ya mteja wa pili kumalizia kazi ya wa kwanza, na ya wa tatu kumalizia ya pili. Mmoja akichelewa kulipa salio, wote wamekwama. Benki ukienda wanataka hati ya nyumba. Kwa hiyo Ijumaa ya fundi siyo uongo aliokaa akautunga, ni hesabu ambayo imekatika mahali.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao ikiletwa mbichi na mteja anasukuma, unaunga ikiwa na maji, miezi miwili mlango wa kabati umepinda na ufa umefunguka kwenye kiungo. Wakubwa wana tanuri la kukaushia. Sisi tunakausha kwa jua na kwa subira, na subira mteja hana.

Lakini kitanda changu cha mninga, ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake, pini ya mbao imepigwa, hakuna msumari hata mmoja pale. Mtoto wako atakirithi. Hivi vya boksi ni ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi. Tusilinganishe.

#16 Mzee Kigamboni
Nakubaliana na #15 kuhusu unga wa mbao. Sisi wa ufukweni tunajua. Nilinunua rafu ya vitabu ya namna hiyo, ya kutoka nje, siyo ya hao IKEA. Mfanyakazi anapiga deki kila asubuhi, maji yanagusa mguu wa rafu. Kwanza karatasi ikavimba pale chini kama ngozi iliyoungua, kisha ikapasuka, ukigusa kwa kidole unatoka unga. Juu bado ilikuwa inang'aa kama mpya. Nyumba zetu ni za deki na hewa ya chumvi, watu wa baridi hawajui hayo.

#17 Mbongo Göteborg
Mzee #16, Singapore na Malaysia kuna unyevu kutushinda na wapo miaka mingi, sasa hata India. Halafu siyo kila kitu chao ni unga wa mbao, wanauza paini tupu, chuma, mianzi. Rafu yao ya vitabu inayoitwa Billy iko sokoni tangu 1979, isingedumu kama ingekuwa takataka. Seremala #15 nakuheshimu, ila unalinganisha kitanda cha kurithi na kitanda cha mtu anayepanga chumba na sebule Tabata, anayehama kila mwenye nyumba akipandisha kodi. Huyo harithishi mtu kitanda. Anataka kinachofunguka na kufungwa.

#18 Seremala Keko
Hata changu kinafunguka. Bolti nne.

#19 Forodhani
Habari wakuu. Nyote mnaongea kama vile bei ya Ulaya itakuja Dodoma na miguu yake. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la nne la ushuru wa forodha, asilimia 35, na samani zilizokamilika zimo humo. Zamani kiwango cha juu kilikuwa 25. Lengo lilikuwa kuwalinda mafundi kama #15.

Piga hesabu. Meza ikifika bandarini ikiwa imegharimu laki moja pamoja na meli na bima, ushuru elfu 35, inakuwa 135,000. Juu yake VAT asilimia 18, ni 24,300. Umefika 159,300, na hapo sijaweka tozo nyingine, wakala, kontena, lori la kilomita kama 450 mpaka Dodoma, pango, mishahara, na faida yao. Meza ambayo sifa yake kubwa ni urahisi wa bei, ikifika hapa sifa hiyo imebaki baharini.

#20 Mhasibu Sinza
@Forodhani hesabu yako iko sawa kwa mzigo wa Ulaya au China. Vipi ukitoka Misri? Damietta pale ni mji mzima wa maseremala, na sisi na Misri wote tumo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

#21 Forodhani
Hapana, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Tunakutana na Misri kwenye Eneo Huru la Biashara la Afrika, sisi Bunge liliridhia Septemba 2021 na hati ikawasilishwa mwanzoni mwa 2022. Huko punguzo linakuja kwa awamu, na lazima bidhaa ithibitishe kuwa asili yake ni Afrika. Meza iliyotengenezwa Poland ikapitia ghala la Cairo haiwi ya Kimisri kwa kubadilisha stempu.

#22 Mtoto wa Buguruni
Uzi umekuwa darasa la forodha. Jamani, skrinishoti ni kweli au uongo?

#23 Binti Ilala
Mimi nadhani ni utapeli wa ajira, na nasema kwa uchungu. Binamu yangu kapata ujumbe huohuo, rangi ya bluu na njano imekaa vizuri, chini kuna namba ya simu ya kawaida. Akapiga, akaambiwa atume hela ya fomu na vipimo vya afya kwanza. Kampuni gani kubwa duniani inaajiri kwa kukutumia namba ya mtandao wa simu? Kijana kamaliza chuo, anatafuta mwaka wa pili huu, alikuwa anakopa kwa dada yake ili atume. Nimemzuia. Tafadhali mwenye ndugu anayetafuta kazi mwambieni asitume hata shilingi.

#24 Msafiri wa Kimara
Asante @Binti Ilala. Ile niliyopata mimi haikuwa na namba ya simu. Kwa hiyo kuna matoleo zaidi ya moja, au tapeli kaidandia habari iliyokuwepo.

#25 Mwana Dodoma
Hicho ndicho ninachosema. Tapeli hadandii kitu kisichokuwepo.

#26 Binti Ilala
@Mwana Dodoma tapeli anadandia chochote kinachotamaniwa. Kuwepo siyo lazima.

#27 Mzee wa Mlimani
Vijana mna haraka ya kusherehekea. Tukumbuke tulikotoka. Shoprite walikuja kwa mbwembwe, mwaka 2014 wakauza maduka yao kwa Nakumatt wakaondoka. Uchumi, wale wa supamaketi kutoka Kenya, wakafuata. Nakumatt wenyewe mwaka 2017 wakaanguka. Game pale Mlimani City, tulikonunua friji, majiko na viti vya plastiki, wakafunga 2022. Wote walikuwa wakubwa kwao. Kila mmoja akiondoka anaacha wafanyakazi mlangoni na wazabuni wanaodai. Duka kubwa la nje likija mimi sishangilii ufunguzi, nauliza watakaa mwaka wa ngapi.

#28 Mhasibu Sinza
Mzee shikamoo. Uchumi waliondoka Oktoba 2015, na niongeze: hao wengi walikuwa supamaketi, faida nyembamba, mboga zinaoza. Samani ni biashara nyingine.

#29 Mzee wa Mlimani
Marahaba. Samani haziozi lakini pango linaoza mfuko. Game hawakuuza mboga.

#30 Mafinga Kwetu
Wote mnaangalia upande wa kuuza. Je, kama wanakuja kununua? Sisi huku Mufindi tuna Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali, paini na mikaratusi hadi macho yanachoka. Kampuni ile inakula mbao kupita maelezo na inasisitiza mbao zenye cheti kama cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unatunzwa vizuri. Tanzania hatujaanza jana kwenye hilo, misitu ya vijiji kule Kilwa ilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa ajili ya mpingo. Ofisi ya ununuzi ingekaa Dodoma bila shida, maana wizara na TFS wako huko. Mtu akasikia "IKEA wanafungua ofisi Dodoma", kufika kwenye grupu la tatu limekuwa duka.

Na mimi hilo ningelipenda kuliko duka. Paini yetu inaondoka kama mbao ghafi na nguzo. Kijana wa Mafinga anapakia lori, anapewa ujira wa siku, basi. Kama kuna anayetaka kununua miguu ya meza iliyokwisha kuchongwa, aje hata kesho.

#31 Seremala Keko
#30 hapo umenigusa. India waliwekewa sharti: kampuni ya nje inayomiliki duka lote lazima inunue angalau asilimia 30 ndani ya nchi. Nilisoma hilo nikafurahi. Serikali yetu ikiweka sharti la namna hiyo, mimi na wenzangu kumi wa Keko tunaungana, tunanunua tanuri la kukaushia, tunachonga viti vya aina moja mia tano. Shida yetu mikono haipungui, inapungua oda kubwa ya uhakika. Tuleteeni hiyo muone kama Ijumaa haitafika.

#32 Mama Nuru
@Seremala Keko usingoje Waswidi. Mimi mteja niko hapa na oda ya viti sita bado haijatimia.

#33 Kirikuu Tandika
Hahahaha! Fundi kashikwa.

#34 Mbongo Göteborg
@Seremala Keko sharti la India lipo kweli, na liliwachelewesha. Kibali walipata 2013, duka likafunguliwa 2018. Ndiyo maana nawaambia, hawa hawakurupuki. Pia fahamuni muundo wao. Jina na mfumo vinamilikiwa na Inter IKEA ya Delft, Uholanzi. Wanaofungua maduka ni wakodishwaji wa jina, wanalipa asilimia 3 ya mauzo. Misri ni Al-Futtaim ya Dubai. Morocco ni Al-Homaizi ya Kuwait. Chile 2022 ni Falabella. Kwa hiyo ikija Tanzania, tutafute tajiri gani wa Ghuba au wa hapa nyumbani kachukua haki hiyo, tusitafute Mswidi.

#35 Mwana Dodoma
Na matajiri wa hapa nyumbani wana viwanja wapi siku hizi? Nimemaliza.

#36 Mtoto wa Buguruni
Dodoma mnajisikia! Maji yenu yanatoka kila siku siku hizi?

#37 Mwana Dodoma
Yenu Buguruni yanatoka?

#38 Mhasibu Sinza
Turudi kwenye mada. Kuna uwezekano mwingine hamjautaja: duka la mtu binafsi anayeleta bidhaa zao kwenye kontena na kupaka ukuta bluu na njano. Kunming, China, mwaka 2011 kulikuwa na duka zima linaitwa 11 Furniture, rangi zilezile, vyumba vya maonyesho vilevile, hadi vipenseli vifupi vya kuandikia. Wateja walijua siyo wenyewe, wakanunua tu. Dodoma mtu akifungua "Ikea House" fremu mbili, uvumi wote huu umejieleza.

#39 Forodhani
Hilo naliona linawezekana kuliko yote. Wanaoleta kontena la mchanganyiko Dar wapo tele, na watu wanauza shuka na taa zao mtandaoni. Kuhamia Dodoma ni safari ya usiku mmoja.

#40 Mafinga Kwetu
Lakini hilo halielezi kwa nini wizarani wanaliongelea. Watu wa wizara hawaongelei fremu mbili.

#41 Msafiri wa Kimara
Nimempigia shemeji. Anasema aliyeleta habari ofisini ni mtu wa idara nyingine, ambaye aliipata kwa mwenzake wa uwekezaji, na huyo wa uwekezaji yuko safari. Anasisitiza kuwa neno "Waswidi" lilitajwa kabla ya skrinishoti kutoka.

#42 Mzee Kigamboni
Waswidi kutajwa Dodoma siyo ajabu. Wametusaidia tangu enzi za Mwalimu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza 1975 vilifuata mfano wao, na vijana wengi walijifunzia useremala humo. Ujumbe wowote wa Kiswidi ukija kuzungumzia elimu au misitu, mtu wa pembeni atasikia "samani".

#43 Mama Nuru
Mzee unasema kweli. Kabati la jikoni kwa mama yangu lilichongwa na kijana aliyetoka chuo cha namna hiyo. Droo zake mpaka leo zinateleza bila kukwama, na chini ya kila droo kaandika kwa penseli ni ya ngapi kutoka juu. Sijaona fundi wa sasa anayefanya hivyo.

#44 Seremala Keko
Baba yangu aliandika hivyo. Mimi pia naandika.

#45 Mbongo Göteborg
Siasa nayo isisahaulike. Morocco duka lilikuwa limekamilika Septemba 2015, siku zinahesabiwa, serikali ikazuia kwa kusema cheti cha jengo hakijakamilika. Wakati huohuo Sweden ilikuwa inajadili kuitambua Sahara Magharibi. Lilifunguliwa Machi mwaka uliofuata baada ya Sweden kuachana na wazo hilo. Kwa hiyo hata likijengwa na kupakwa rangi, usiseme lipo mpaka umelipa kaunta.

#46 Binti Ilala
Jamani na vile vipira vya nyama? Kila aliyekwenda Ulaya anavisifia.

#47 Mbongo Göteborg
Wanauza tangu 1985. Hyderabad waliweka vya kuku na vya mboga, hawakuweka ng'ombe wala nguruwe. Huku ingebidi wafikirie vilevile.

#48 Kirikuu Tandika
Waweke mishikaki na chachandu. Dodoma watapanga foleni mpaka Kizota.

#49 Kanda ya Ziwa
Habari zenu. Mimi niko Mwanza. Kwenye grupu letu la wafanyabiashara ujumbe huo upo, ila kwetu unasema Buhongwa. Maneno mengine yote ni yaleyale. Naomba kujua kwenu ulianza tarehe gani.

#50 Dalali Nala
Buhongwa?! Hapana. Hilo la Mwanza ndiyo limeghushiwa.

#51 Mhasibu Sinza
@Kanda ya Ziwa utume hapa kama ulivyoupata, pamoja na saa yake, tulinganishe na wa #1. @Mwana Dodoma ukipita Chang'ombe, angalia kama kuna ubao wa ujenzi. Kisheria mradi lazima uwe na ubao wenye jina la mkandarasi na mwenye mradi.

#52 Mwana Dodoma
Nitapita Jumamosi. Nitapiga picha za kila uzio wa mabati.

#53 Mafinga Kwetu
Piga na ghala, siyo uzio tu. Kama ni ofisi ya ununuzi haitakuwa na uzio.

#54 Mama Nuru
@Seremala Keko nimekufuata PM. Nataka viti sita vya mninga, mgongo wa mistari, siyo wa kuchonga maua. Niandikie bei na tarehe kwenye karatasi, tusaini wote wawili.

#55 Seremala Keko
Nimeona dada. Mbao kavu ninayo ya viti vinne, ya viwili naitafuta. Tarehe nitakupa nikiwa na zote sita mkononi, siyo kabla.